Kwa Jamaa Wanaoitwa Kikaoni: Barua ya Wazi Kutoka Mwenge

Kwa jamaa wa wagonjwa wa figo, wakazi wa Mwenge, Kijitonyama, Sinza, Makongo na mitaa iliyo jirani. Na kwa wagonjwa wenyewe, ambao huenda mkasomewa barua hii na watoto wenu.

Naomba radhi kwa kuwaandikia hadharani jambo ambalo desturi yetu hulizungumza chumbani, tena kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umerudishwa. Sikushika kalamu kwa kuwa ni tabibu, maana si tabibu. Wala kwa kuwa nina elimu ya kuwapita, maana elimu yangu yote ya maradhi haya niliipata juu ya benchi la mbao, nikingoja mtu atolewe mashineni. Naandika kwa kuwa katika kisa nitakachokieleza mimi ni miongoni mwa wakosaji, na naona aliyeteleza ana haki, kama si faradhi, ya kuwaonesha wenzake penye utelezi.

Ndugu yangu, mtoto wa mama yangu mkubwa, ni mchonga vinyago. Tangu ujana wake huketi nyuma ya vibanda vya soko la vinyago hapa Mwenge, gogo la mpingo katikati ya magoti, tezo mkononi, vumbi jeusi limemjaa kwenye nyusi. Maradhi yalimjia kwa adabu, bila kupiga hodi kwa nguvu. Kwanza zilimvimba nyayo, akaacha viatu akavaa ndara. Kisha asubuhi uso wake ukawa umejaa, macho yamekuwa membamba, watu wakamwambia amenenepa, naye akaipokea sifa hiyo. Mkojo wake ulikuwa na povu kama la sabuni. Hili alilijua yeye peke yake, na hakunieleza ila baada ya mwaka mzima. Presha alikwisha kuambiwa anayo, miaka mingi nyuma, akapewa vidonge, akavimeza mpaka vilipokwisha, na vilipokwisha akahesabu kwamba na maradhi yamekwisha. Mgongo ulipomuuma kwa kuinama alikwenda duka la dawa akanunua vidonge vya maumivu, akavila kama mtu alavyo karanga, asijue kwamba vidonge vya namna ile, vikizidi, huzitesa figo. Na juu yake akaongeza chupa ya mizizi aliyouziwa kituoni na kijana mwenye kipaza sauti, aliyeapa kwamba dawa ile husafisha figo zikawa mpya.

Hayo ni makosa ya kutojua, na asiyejua husamehewa. Kosa lililotugharimu lilikuja baadaye, alipokwisha kujua. Alipimwa damu, akaambiwa figo zinashindwa, apelekwe kwa bingwa. Naye akaikunja karatasi ile mara nne akaitia ndani ya msahafu, mahali ambapo alijua hakuna atakayeipekua, akarudi kwenye gogo lake. Mkewe hakuambiwa. Sisi hatukuambiwa. Nilipomuuliza siku moja kwa nini anapumua kama aliyepanda mlima, alinijibu ni vumbi la mpingo. Miezi sita ilipita hivyo, hata usiku mmoja pumzi ikamkata kabisa, kifua kimejaa maji, tukambeba ndani ya bajaji, na kulipokucha alikuwa na mpira umepenyezwa shingoni na damu yake inazunguka nje ya mwili.

Juma moja baadaye tukaitwa kikaoni, na ninyi mnakijua kikao hicho, kwa kuwa hufanana nyumba zote. Mikeka imetandikwa, mjomba ameketi penye mto, feni inazunguka pole pole, na baada ya dua mkubwa wetu akasema kwamba figo zote mbili za ndugu yetu zimekufa, na anatakiwa mtu wa kumpa moja. Basi. Hakuna aliyetangulia kuelezwa lolote, wala hakuna aliyejua kutoa figo ni kufanyaje. Mmoja alianza kuhesabu vigae vya sakafu, mwingine akaitazama simu isiyolia, na shemeji akaingia na chai ambayo hakuna aliyeiomba. Mimi, niliyekuwa karibu naye kwa damu na kwa umri, niliyefundishwa naye kuogelea Msasani, nilisema tumwachie Mungu. Lilikuwa neno jema, na wazee waliitikia amina. Lakini Mungu niliyemtaja anajua kwamba wakati ule nililitumia jina lake kama mtu atumiavyo pazia.

Kwa miezi kumi na minne tangu siku ile nilimtumia ndugu yangu fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi, nisimpelekee uso wangu. Nisingekubali mtu aniite mchoyo, kwa kuwa fedha zilikwenda. Siku za misiba tulionana, nikakaa upande wa pili wa turubai.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu moja. Tumezoea kudhani kwamba mgonjwa wa figo hapa kwetu huangamia kwa ukosefu wa wataalamu, au wa mashine, au wa fedha. Na kweli fedha ni jabali, sitaki kulipunguza kwa maneno. Lakini mengine huharibika kabla ya kufika kwenye fedha, na huharibika majumbani mwetu, kati ya siku ambayo mgonjwa anakunja karatasi yake na jioni ambayo jamaa anaambiwa ghafula atoe kiungo cha mwili wake mbele ya watu ishirini. Mtu aliyeulizwa hivyo hukataa. Pengine hata yule ambaye angalikubali hukataa.

Tuitazame kwanza mashine ya kusafisha damu, maana kuna neno limeenea mitaani kwamba ukishaipanda huishuki, kana kwamba ndiyo inayoua figo. Binadamu mwenye siha njema ana figo mbili, kila moja ina vichujio vidogo mno vinavyokadiriwa kufika milioni moja, na kwa pamoja huchuja kwa siku kama lita 180 za maji ya damu, zikarudisha karibu yote na kuacha kidogo tu kitoke kuwa mkojo. Kazi hiyo hufanyika saa 168 kwa juma, bila sikukuu. Ndugu yangu hupelekwa mashineni mara tatu kwa juma, saa nne kila mara. Hesabu yake ni saa 12. Mtu anayefanyiwa kwa saa 12 kazi ya saa 168 hawezi kushuka, lakini aliyemnyima ngazi si mashine, bali figo zilizokufa kabla hajaifikia. Na wapo ambao figo zao hupata dhoruba ya muda tu, kwa malaria kali, au kwa damu nyingi iliyopotea katika uzazi, wakasafishwa damu majuma machache figo zikarejea, wakaenda zao. Hao hatuwasikii, kwa sababu aliyepona hakai kwenye benchi kusimulia.

Aliyeibuni mashine hii, tabibu Willem Kolff, aliiunda mwaka 1943 katika mji wa Kampen, Uholanzi, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Kijerumani na vitu vimeadimika. Akachukua utando unaotumika kutengenezea soseji, akauzungusha juu ya pipa la papi za mbao lililozama ndani ya maji ya chumvichumvi. Nilipomsimulia ndugu yangu habari hii alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akauliza ni mbao gani.

Maisha ya mtu wa mashine nimeyaona kwa karibu baada ya kujirudi. Maji hupimiwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, kwa kuwa mkojo umekatika na kila atakachokunywa kitamngoja mwilini hadi siku ya zamu. Kiu ikizidi hutia kipande cha barafu mdomoni akakizungusha pole pole, macho ameyafumba. Madafu yanayouzwa barabarani, ambayo sisi huyaona ndiyo dawa ya kila uchovu, kwake ni hatari, kwa kuwa yamejaa chumvi ya potasiamu, nayo ikizidi katika damu husimamisha moyo. Ndizi pia apimiwe. Katika mkono wake wa kushoto madaktari waliunganisha mishipa miwili ya damu ili sindano ipate njia nene. Jina lake ni fistula, na siku alipoambiwa kwamba atawekewa fistula alikasirika, akauliza iweje mwanamume apewe maradhi ya wanawake waliopata shida ya uzazi. Ikabidi muuguzi aketi amfafanulie kwamba ni jina moja la mambo mawili. Ukiweka sikio juu ya mkono ule utasikia mvumo, kama nyuki ndani ya mzinga. Mkono huo haupimwi presha, haubebi ndoo, haulaliwi, nao ndio aliokuwa akishikilia gogo. Siku hizi hulishikilia kwa magoti.

Na hapa niwaambie wagonjwa jambo ambalo jamaa zenu wanaona haya kulisema. Mnakosa zamu. Mara kwa nauli, mara kwa msiba, mara kwa kuwa jana mlijisikia vizuri. Mtu wa kipato cha kawaida, asiye na bima, hulipa kwa juma moja laki kadhaa, na simlaumu asiyenazo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kila mwenye mgonjwa nyumbani anajua kwa nini tuliisubiri kwa hamu. Ila wapo wenye bima kamili wanaoacha kwa sababu mhubiri amewaambia wamepona, au kwa kuona fedheha ya kuonekana wakishuka daladala Upanga siku zile zile kila juma.

Zamani jibu la mwisho lilikuwa India. Mgonjwa na jamaa yake walipandishwa ndege, wakaanza maisha ya ugenini, na wengi wasio na mfadhili hawakufika. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, wataalamu wetu wakishirikiana na wenzao kutoka New Delhi. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata, kwa msaada wa Wajapani. Figo inayopandikizwa kwetu hutoka kwa jamaa aliye hai. Hatuna, kama walivyonayo wengine, utaratibu wa kuchukua figo ya aliyefariki. Maana yake ni kwamba mambo yote yaliyokuwa ya serikali na ya madaktari yakikamilika, bado hubaki neno moja ambalo hakuna waziri awezaye kulitamka kwa niaba yetu.

Neno hilo tunalizungushia hofu. Wanaume husema kwamba mwenye figo moja hupotewa na nguvu za kiume. Hili ni batili, wala kutoa figo moja hakuhusiki na jambo hilo, bali ni figo zilizokufa na presha na sukari ndizo ziondoazo nguvu hizo. Wengine husema mtu atazikwa akiwa pungufu, na wapo wanaodai dini imekataza. Basi na ijulikane kwamba Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1988, liliruhusu mtu aliye hai kumpa mwenziwe kiungo kwa masharti, yakiwamo kwamba asidhurike dhara la kuharibu maisha yake na kwamba kisiuzwe. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, akiwahutubia mabingwa wa upandikizaji mjini Roma mwaka 2000, aliusifu utoaji huo kuwa tendo la upendo, akaulaani uuzaji. Kwa upande wa dini zetu mbili kubwa, basi, mlango haukufungwa na hao tunaowasingizia.

Hatari ipo, na sitaificha, kwa kuwa kuificha ndiko kunakozaa uvumi. Ni upasuaji, na wakati mtu anapasuliwa hakuna wa kutoa dhamana. Hesabu iliyofanywa Marekani juu ya maelfu mengi ya watoaji ilionesha kwamba katika kila 10,000 walifariki kama watatu ndani ya miezi mitatu. Mwanamke aliyetoa figo, akichukua mimba baadaye, huhitaji kuangaliwa zaidi kwa ajili ya presha ya uja uzito, ingawa wengi wao hujifungua salama. Figo inayobaki hujikaza, ikafanya kiasi cha asilimia sabini ya kazi iliyokuwa ikifanywa na mbili. Mtu wa kwanza kufanikiwa kutoa figo, kijana aliyempa pacha wake mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954, alikufa mwaka 2010 akiwa mzee wa miaka 79. Mimi nilipoyajua haya hofu haikuniisha, lakini ilipungua ikawa ya kiasi cha kubebeka.

Jambo lililonishughulisha kuliko hofu za watoaji ni kiburi cha wanaohitaji. Yupo mgonjwa asiyetaka kuomba, anayesema hawezi kumla mtoto wake, na maneno yake yana heshima ndani yake. Nami simlaumu baba anayekataa figo ya binti wa miaka ishirini ambaye hajaolewa. Lakini yupo pia aliyekataa ya ndugu yake kwa kuwa waligombana kiwanja, akaona kufa ni nafuu kuliko kuwa na deni kwake. Na yupo wa kinyume chake kabisa, asiyeomba bali anaamuru, akamtazama mkewe. Nawaomba wazee mlitazame hili vizuri. Katika nchi nyingi zilizoweka hesabu, wanaotoa figo wakiwa hai wengi wao ni wanawake, na wanaopokea wengi wao ni wanaume. Mke akiugua, jamaa wa mume husema arudishwe kwao wakatafute huko. Dada aliyeolewa akitaka kumpa kaka yake, shemeji hudai ruhusa yake, kana kwamba figo ile ilikuwamo katika mahari. Sitaki kuliita hili desturi, kwa kuwa desturi ni neno la heshima.

Kuhusu kuuza, nitasema machache. Vijana wetu hufanya mzaha kwamba watauza figo wanunue simu, na mzaha ni mzaha; lakini mwenye dhiki akikosa jamaa wa kumsaidia, na mwenye njaa akikosa kazi, dalali hupatikana, na mwenye njaa ndiye atakayebaki na kovu, fedha zimekwisha, hana hata wa kumpima presha.

Sasa niseme ninalowaomba. Siku ile ile karatasi inapotoka, isikunjwe. Figo ikiwa bado ina uhai miaka huweza kuongezwa kwa vidonge vya presha visivyokatishwa, kwa kupunguza chumvi, kwa kuacha chupa za kituoni. Jamaa waitwe mapema, wakati mgonjwa anatembea kwa miguu yake na hakuna mpira shingoni unaowatisha. Aje nao mtu wa hospitali, au waende wao kliniki, waelezwe kazi yenyewe kabla ya kuulizwa nani. Na asiulizwe mtu hadharani. Kila mmoja aende peke yake, siku yake, aseme na daktari faraghani. Akisema hapana, ikae huko huko. Katika nchi nyingi watu wa upandikizaji wana ungwana mmoja niupendao: jamaa za aliyekataa huambiwa kwamba hakufaa, na hakuna linaloongezwa. Maana figo iliyotolewa kwa hofu ya laana ya ukoo haina tofauti kubwa na iliyoporwa. Najua wapo watakaosema kwamba kwa njia hii wengi watakimbia. Kikaoni kwetu tulikimbia wote, tukiwa tumeketi.

Na wote wenye damu moja na mgonjwa, pimeni presha na sukari, mkojo na damu, hata msiotaka kutoa. Hili nalisema kwa fedheha yangu. Nilipochoka kujificha nilikwenda, nikamwambia muuguzi nimekuja kupimwa ili nimpe ndugu yangu, na koo limenikauka kama la muungamaji. Alinifunga mpira mkononi, akaupuliza, akasubiri, akaupuliza tena, akaniuliza kama nimepanda ngazi. Nilikuwa na presha ya miaka, ambayo sikuwahi kuijua, na mkojo wangu ulikuwa umeanza povu. Sikufaa. Swali nililolikimbia miezi kumi na minne lilikuwa na jibu la dakika kumi, na jibu lenyewe lingaliweza kuniwahi.

Ndugu yangu nilimwambia mwenyewe, nyuma ya kibanda, akipiga msasa. Hakuinua kichwa. Aliuliza kama nimepewa vidonge, nikasema ndiyo. Akaniambia nisiviache vikiisha.

Kikao chetu cha pili ni Jumapili ijayo baada ya Alasiri, nyumbani kwa mjomba. Muuguzi wa kliniki amekubali kuja, kwa hisani yake, na hatauliza mtu jambo lolote. Ataeleza tu, kisha ataacha namba yake kwenye karatasi karibu na mlango. Mdogo wetu wa kike atatoka Mtwara kwa basi la usiku. Chai itapikwa, na mgonjwa kikombe chake tumekwisha kukitenga.

Wasalaam,
Mkazi wa Mwenge